Poti ya mshipi wa tumbo: Jinsi vidude vya kuingizia maji vinavyotofautiana, na kwa nini aliyepasuliwa anapaswa kukijua chake

ZAMANI katika vijiji vya Kakamega, kitambi kilikuwa cheti cha shibe. Aliyenenepa alihesabiwa kuwa mtu aliyejaaliwa, ambaye kwake mgeni hangekosa kuku na sima. Leo kitambi hicho hicho ndicho kinachowapeleka wengi kwenye kliniki za kisukari na za shinikizo la damu.

Takwimu za taifa zinaonyesha mkondo huo. Uchunguzi wa Kitaifa wa Idadi ya Watu na Afya wa mwaka 2014 ulibainisha kuwa asilimia 33 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 nchini Kenya walikuwa na uzani uliopita kiasi au unene wa kupindukia. Uchunguzi wa mwaka 2022 uliweka kiwango hicho kuwa asilimia 45 kwa wanawake wa miaka 20 hadi 49, ilhali kwa wanaume kilikuwa takriban asilimia 19.

Si ajabu basi kwamba upasuaji wa kupunguza uzani umeanza kuzungumzwa hata mbali na jiji kuu. Nchini Kenya upasuaji huu hufanywa zaidi katika hospitali za kibinafsi jijini Nairobi. Aidha, wapo wanaosafiri India au Afrika Kusini kuutafuta, na wapo Wakenya wanaoishi Marekani, Ulaya na nchi za Ghuba ambao hufanyiwa huko huko kisha wakarejea nyumbani.

Miongoni mwao wamo waliowekewa mshipi wa tumbo. Huu si mshipi wa kufungwa kiunoni, bali ni pete ya silikoni inayozungushiwa sehemu ya juu ya tumbo la chakula, ndani ya mwili. Mwenye mshipi huu hubeba pia kidude kidogo chini ya ngozi ambacho madaktari hukiita poti.

Kidude hicho kikimletea shida usiku akiwa Kakamega, na aliyemwekea yuko Nairobi, zaidi ya kilomita 350, au ng'ambo ya bahari, tabibu atakayempokea atahitaji kujua ni poti ya aina gani, inadungwa kwa sindano ipi na mshipi wake hubeba maji kiasi gani. Makala haya yanaeleza tofauti za vidude hivyo na mambo ambayo mwenye navyo hafai kuyapuuza.

Poti hufanya kazi gani?

Mshipi wa tumbo una sehemu tatu. Ya kwanza ni pete yenyewe, ambayo upande wake wa ndani una mfuko mwembamba unaoweza kujazwa maji. Ya pili ni mrija mwembamba wa silikoni. Ya tatu ni poti, ambayo hufichwa chini ya ngozi ya tumbo, juu ya utando mgumu unaofunika msuli.

Pete huligawa tumbo la chakula likawa na kifuko kidogo juu na sehemu kubwa chini. Mtu akila, kifuko hicho hujaa upesi, na chakula huteremka polepole kupitia njia nyembamba. Hivyo mja hushiba kwa chakula kidogo.

Upana wa njia hiyo ndio unaodhibitiwa kupitia poti. Daktari hudunga sindano kwenye ngozi hadi ndani ya poti, kisha huingiza maji safi ya chumvi ya hospitali. Maji hupita kwenye mrija, mfuko wa pete hufura na njia ya chakula hubanwa. Akiyatoa maji, njia hufunguka. Mgonjwa halazimiki kupasuliwa upya kila anapohitaji marekebisho.

Kwa kawaida marekebisho ya kwanza hufanywa wiki nne hadi sita baada ya upasuaji, jeraha likiwa limepona. Baada ya hapo mgonjwa hurudi mara kwa mara, hasa katika mwaka wa kwanza. Mshipi usiorekebishwa haumsaidii mtu, na poti isiyofikika huufanya mshipi mzima kuwa mzigo.

Ulikotoka

Wazo la mshipi unaorekebishwa lilizuka katika miaka ya 1980. Nchini Uswidi, wapasuaji Hallberg na Forsell walibuni mshipi wao yapata mwaka 1985. Huko New Jersey, Marekani, daktari Lubomyr Kuzmak, mzaliwa wa Ukraine, alianza kutumia mshipi wa silikoni wenye mfuko wa maji mwaka 1986.

Mwanzoni tumbo lilipasuliwa kwa jeraha refu. Mnamo Septemba 1993 daktari Mitiku Belachew, mpasuaji mwenye asili ya Ethiopia, aliweka mshipi wa aina hiyo mjini Huy, Ubelgiji, kwa upasuaji wa matundu madogo unaoongozwa na kamera. Njia hiyo ilienea duniani upesi.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliidhinisha mshipi wa LAP-BAND mwaka 2001, na ule wa REALIZE wa kampuni ya Ethicon mwaka 2007. Barani Ulaya kulikuwa na mingine, ikiwemo Heliogast ya Ufaransa na ile ya kampuni ya A.M.I. ya Austria. Kila mtengenezaji alikuja na poti yake, na hapo ndipo tofauti zilipoanzia.

Tofauti ya kwanza: Umbo na kimo

Poti zote zina mambo mawili ya msingi. Upande wa juu kuna kizibo cha silikoni iliyobanwa sana, ambacho kinaweza kudungwa mara nyingi na kujifunga chenyewe sindano ikitolewa. Chini yake kuna kijichumba chenye sakafu ngumu inayoizuia sindano isipenye hadi ng'ambo ya pili. Sakafu hiyo huwa ya titani au ya plastiki ngumu, kutegemea mtengenezaji.

Zipo poti ndefu na zipo fupi. Poti ndefu hupapaswa kwa urahisi, hata kwa mtu mwenye mafuta mengi chini ya ngozi. Ila mgonjwa akipungua uzani, huanza kuchomoza kama kijiwe na huenda ikamuuma anapoinama, anapofunga mkanda au anapobeba mtoto.

Poti fupi haionekani sana na haimsumbui aliyekonda. Udhaifu wake ni kwamba katika miezi ya mwanzo, mgonjwa akiwa bado mnene, daktari hutatizika kuipata kwa vidole. Hapo hulazimika kutumia eksirei au mashine ya mawimbi ya sauti.

Mahali poti inapowekwa pia huathiri jambo hili. Baadhi ya wapasuaji huiweka upande wa kushoto wa tumbo, wengine chini kidogo ya mfupa wa kifua. Karibu na mfupa huo mafuta huwa machache, hivyo hupatikana kwa urahisi, lakini huweza kuwakera wanawake kwa kugusana na sidiria.

Tofauti ya pili: Nyuzi au kulabu

Poti za kale zina matundu pembeni, na mpasuaji huishona kwenye utando wa msuli kwa nyuzi, aghalabu nne. Ni kazi inayochukua muda na inayohitaji jeraha pana kiasi, hasa kwa mtu mnene ambaye utando huo uko chini sana. Hata hivyo, ni njia inayojulikana na kila mpasuaji, na kuiondoa poti ya aina hii hakuhitaji chombo maalumu.

Baadaye zilikuja poti zenye kulabu ndogo kwenye kitako, kama vile Velocity iliyoandamana na mshipi wa Ethicon, na RapidPort iliyoandamana na LAP-BAND. Mpasuaji huiweka poti mahali pake kwa chombo chenye mpini, akaugeuza au kuubana, na kulabu zikajipenyeza kwenye utando.

Faida yake ni kasi, jeraha dogo na mshiko ulio sawa pande zote. Kasoro yake ni kwamba kulabu hizo hurudishwa kwa urahisi na mtu anayekijua chombo chake. Mpasuaji ambaye hajawahi kukiona huenda akahitaji muda zaidi kuiondoa.

Hili si suala dogo kwa mkazi wa Kakamega. Kipimo cha ubora wa kifaa si siku ya kukiweka pekee. Ni lazima pia mtu ajiulize nani atakayeweza kukishughulikia miaka 10 baadaye.

Tofauti ya tatu: Kiasi cha maji

Hapa ndipo makosa ya hatari huweza kutokea. Mishipi haibebi maji sawa. LAP-BAND za awali zilibeba mililita 4 pekee. Zilizofuata za aina ya AP zilibeba hadi mililita 10 kwa ile ya kawaida na hadi 14 kwa ile kubwa. Mshipi wa Uswidi ulibeba mililita 9, nao REALIZE-C ulibeba hadi 11.

Kwa hivyo mililita 5 katika mshipi mmoja ni nusu ya uwezo wake, ilhali katika mwingine zimepita kiwango. Daktari akiongeza maji kwa kukisia, huenda akaifunga kabisa njia ya chakula. Poti haina alama ya nje inayoonekana kwa macho. Taarifa hiyo hupatikana kwenye kadi ya mgonjwa na kwenye rekodi za hospitali iliyomwekea.

Kulikuwepo pia jaribio la kuondokana na poti kabisa. Kampuni ya EndoArt ya Uswisi ilibuni mshipi uliorekebishwa kwa mawimbi ya redio kutoka nje ya mwili, bila sindano wala maji. Haukuchukua nafasi ya ile yenye poti.

Sindano si sindano tu

Poti haidungwi kwa sindano yoyote iliyo karibu. Sindano ya kawaida hukata kipande kidogo cha silikoni kila inapopenya, na baada ya muda kizibo huanza kuvuja. Inayotakiwa ni sindano ya Huber, ambayo ncha yake imepindwa kidogo ili ipenye bila kukata. Jina hilo linatokana na Ralph Huber, daktari wa meno wa Seattle, Marekani, aliyeibuni katika miaka ya 1940.

Urefu wa sindano nao ni muhimu. Kwa mgonjwa mnene, sindano fupi haifiki kwenye sakafu ya poti. Daktari akisukuma pembeni akitafuta, huenda akautoboa mrija ulio karibu na poti, na mshipi ukaanza kupoteza maji.

Hata hivyo, kanuni hii ina mpaka wake. Mgonjwa akiwa katika hatari na sindano ya Huber haipo, tabibu anaweza kutumia sindano nyembamba ya kawaida kuyatoa maji. Kizibo kilichoharibika hubadilishwa, uhai haubadilishwi.

Isichanganywe na poti ya dawa

Kuna poti nyingine inayofahamika zaidi kwa wahudumu wa afya, nayo ni ile wanayowekewa baadhi ya wagonjwa wa saratani ili kutiliwa dawa. Hiyo kwa kawaida huwekwa kifuani, chini ya mtulinga, na mrija wake huingia kwenye mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo.

Vidude hivi viwili hufanana sana na vyote hudungwa kwa sindano ya Huber. Lakini poti ya mshipi wa tumbo haina uhusiano wowote na mishipa ya damu. Haitolewi damu na haitiliwi dawa, glukosi wala dawa ya kuzuia damu kuganda. Mgonjwa aliyezirai hawezi kulieleza hilo, ndipo jamaa zake wanapopaswa kulijua.

Matatizo ya poti

Matatizo ya poti na mrija ni miongoni mwa yale yanayowarudisha wagonjwa wa mshipi kwa daktari mara nyingi zaidi. Makuu ni haya:

Kupinduka: Poti iliyoachana na nyuzi au kulabu zake hugeuka, kizibo kikaangalia ndani na sakafu ikaangalia nje. Sindano hugonga kitu kigumu na haipiti. Eksirei huonyesha jambo hili, na upasuaji mdogo hutosha kuirejesha.

Kuvuja: Mgonjwa huanza kula sana tena na uzani hurudi bila sababu ya wazi. Daktari akiyatoa maji hupata machache kuliko aliyoyaweka. Wagonjwa wengi hujilaumu kwa ulafi, kumbe ni mrija uliotoboka au uliochomoka kwenye poti.

Maambukizi: Ngozi juu ya poti huwa nyekundu, huuma, hupata joto au hutoa usaha. Yakitokea siku chache baada ya upasuaji, huenda chanzo ni jeraha lenyewe. Yakitokea miezi au miaka baadaye, ni onyo kubwa zaidi. Huenda mshipi umekula ukuta wa tumbo na viini vimefuata mrija hadi kwenye poti. Mgonjwa wa namna hii hafai kupewa vidonge na kurudishwa nyumbani tu, bali achunguzwe tumbo kwa kamera.

Dalili za kukimbilia hospitali

Mwenye mshipi asisubiri kesho iwapo hawezi kumeza maji au hata mate yake, iwapo anatapika mfululizo, au ana maumivu makali ya tumbo yasiyopoa. Huenda tumbo limeteleza na kubanwa na pete, na sehemu hiyo ikakosa damu. Hatua ya kwanza ya tabibu ni kuyatoa maji yote kupitia poti. Hapo kidude hiki kidogo ndicho huwa mlango wa kuokolea maisha.

Aliyetapika kwa siku nyingi huweza pia kupungukiwa na vitamini B1, upungufu unaoweza kudhuru ubongo na neva. Wanaomhudumia wanafaa kuambiwa kutapika kulianza lini. Mja mzito mwenye mshipi naye amwarifu daktari mapema, kwani huenda maji yakahitaji kupunguzwa ili mama na mtoto wapate lishe.

Kutoka Kakamega, hospitali kuu ya rufaa ya Kisumu iko umbali wa takriban kilomita 50 na ile ya Eldoret takriban kilomita 100. Ni busara mgonjwa aulize mapema, akiwa mzima, ni wapi katika eneo la magharibi pana mpasuaji anayeufahamu mshipi huu, badala ya kuanza kuulizia usiku wa dharura.

Je, mshipi bado una nafasi?

Ukweli ni kwamba wakati wake umepungua. Kulingana na makadirio ya chama cha wapasuaji wa unene cha Marekani, mshipi ulikuwa zaidi ya thuluthi moja ya upasuaji wote wa kupunguza uzani nchini humo mwaka 2011. Kufikia mwaka 2019 ulikuwa chini ya asilimia 1. Nafasi yake ilitwaliwa na upasuaji wa kukata sehemu kubwa ya tumbo na kuacha bomba jembamba, ambao hauna poti wala marekebisho.

Sababu ni kwamba wengi waliowekewa mshipi hawakupungua kama walivyotarajia, na wengi walirudi kupasuliwa ili urekebishwe au uondolewe. Watetezi wake husema mshipi haukati kiungo chochote na unaweza kutolewa. Hilo ni kweli, lakini unamfunga mgonjwa kwenye safari za kliniki zisizokoma. Kwa anayeishi mbali na kliniki hiyo, nauli na siku za kazi zinazopotea ni sehemu ya gharama.

Biashara yenyewe imehamahama. LAP-BAND ilikuwa mikononi mwa Allergan tangu mwaka 2006, ikauzwa kwa Apollo Endosurgery mwaka 2013, kisha mwishoni mwa mwaka 2018 ikachukuliwa na ReShape Lifesciences. Ethicon nayo iliacha kuuza mshipi wake. Hivyo kuna watu wanaobeba poti ambayo kipuri chake ni adimu kupatikana.

Anayefikiria upasuaji wa aina yoyote apime kwanza uwiano wa uzani na kimo. Gawanya kilo kwa kimo cha mita kilichozidishwa kwa chenyewe. Mtu wa mita 1.60 mwenye kilo 103 ana uwiano wa takriban 40. Mwongozo wa Marekani wa mwaka 1991 uliruhusu upasuaji kuanzia 40, au 35 kwa mwenye maradhi yatokanayo na unene. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2022 uliteremsha viwango hivyo hadi 35 kwa yeyote, na 30 kwa mwenye kisukari au maradhi kama hayo.

Maswali ya kuuliza

Anayeshauriwa kuwekewa mshipi aulize: Poti ni ya mtengenezaji gani? Inashikizwa kwa nyuzi au kulabu? Mshipi hubeba mililita ngapi? Nani atakayeurekebisha nikiwa nyumbani, na kwa gharama gani? Ukileta shida, nani atauondoa?

Aliyekwisha kuwekewa naye ahakikishe ana kadi yenye jina la kifaa, nambari yake, tarehe ya upasuaji, mahali poti ilipo na kiasi cha maji kilichoko ndani baada ya kila marekebisho. Aiambie familia yake. Awafahamishe wahudumu wa eksirei, na hasa wa mashine za sumaku, kabla ya kupigwa picha. Nakala ya kadi ibaki nyumbani, nyingine iwekwe kwenye simu.

Kadi ikipotea, eksirei ya tumbo huweza kumsaidia mjuzi kukisia aina ya kifaa kutokana na umbo la pete na la poti. Lakini kukisia si kujua, na usiku wa dharura dakika zina thamani. Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Iwapo mali ya dukani huandikwa, sembuse kilichozikwa ndani ya mwili wa mtu?